Volti za alteneta zinapanda na kushuka: kompyuta inafanya kazi yake au alteneta inakufa?

Lalamiko huja hivi: mtu amechomeka kile kichaji cha simu chenye namba nyekundu kwenye soketi ya kiberiti. Akitoka nyumbani anaona 14.3, dakika kumi baadaye 12.8, akiachia mafuta mteremkoni 14.6, akisimama kwenye foleni 13.1. Anakwenda gereji, anaambiwa alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) imekwisha. Inanunuliwa nyingine, mtumba wa Japani, inafungwa, na namba zinaendelea kucheza vilevile kwa sababu gari lilikuwa zima tangu mwanzo. Wapo pia waliopatikana na kinyume chake: wameambiwa "magari ya kompyuta ndivyo yalivyo", wakatulia, huku daiodi (vipande vinavyogeuza umeme wa alteneta kuwa wa kufaa betri) zikiungua polepole hadi siku gari lilipozimika njiani usiku.

Jambo linalotenganisha hali hizi mbili ni mwendo wa huko kuyumba kuliko namba zenyewe. Volti zinazobadilika taratibu, kwa sekunde au dakika, na kufuata jinsi unavyoendesha, kwa kawaida ni amri ya kompyuta ya gari. Zinazoruka mara kadhaa kwa sekunde, au zinazobadilika gari likipita kwenye shimo, ni hitilafu ya nyaya, mkanda au alteneta yenyewe. Shika hilo, mengine yote yatakuwa rahisi.

Kwa nini kompyuta inashusha volti makusudi

Alteneta ya zamani ilikuwa na regyuleta ndani, ile mafundi wanayoiita IC, iliyoshikilia volti 13.8 hadi 14.4 muda wote injini ikiwa imewaka. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoamua. Sababu ni mafuta: alteneta inayotoa ampea 100 kwa volti 14 inatoa wati 1,400, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu inapotea kwenye joto na msuguano, injini inalazimika kuipa zaidi ya wati 2,000. Kwa injini ya cc 1,000 hadi 1,300 mzigo huo unasikika mguuni. Kwa hiyo betri ikishajaa kiasi, kompyuta inapunguza uzalishaji wakati unakanyaga mafuta, kisha inaupandisha unapoachia mafuta, maana wakati huo umeme unapatikana bila kuchoma petroli. Baadhi ya magari huiacha betri ikiwa haijajaa kabisa ili ibaki nafasi ya kupokea umeme huo.

Kila kampuni ina njia yake, na ni vizuri kujua ya gari lako:

- Honda (Fit, Civic, CR-V): kifaa kidogo kinachoitwa ELD ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti kinapima ampea zinazotumika. Kompyuta inachagua hali mbili: ya chini, volti 12.4 hadi 12.9, au ya juu, karibu 14.4 hadi 14.9.
- Nissan (X-Trail, Note, Tiida): sensa ya mkondo imefungwa kwenye waya hasi wa betri, na alteneta inaweza kuamriwa popote kati ya volti 11.4 na 15.6.
- Toyota nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000: sensa ya mkondo na ya joto kwenye kichwa hasi cha betri.
- Mazda nyingi (Demio, Axela): kompyuta ya injini inaendesha roto (sumaku inayozunguka ndani ya alteneta) moja kwa moja. Waya wa D, unaoleta amri ya kompyuta, ukikatika hakuna chaji kabisa, hata alteneta iwe mpya kutoka kwenye boksi.
- Mazda zenye i-ELOOP, mfumo ulioanza 2012: alteneta inafika hadi volti 25 na kuhifadhi umeme kwenye kapasita kubwa. Hapa usichomeke mita bila mafunzo. Tutalirudia.

Vipimo vitatu kabla ya chochote

Namba za kichaji cha simu ziweke pembeni. Soketi ya kiberiti iko mwisho wa waya mrefu mwembamba na mara nyingi husoma chini ya betri kwa volti 0.2 hadi 0.5. Tumia mita ya kawaida ya dijitali, kipimo cha DC 20.

Cha kwanza, betri ikiwa imepumzika. Gari lilale usiku, au washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika tano. Gusa risasi ya betri yenyewe, ile nundu, usiguse kibano. Volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 ina robo tatu hivi; 12.2 nusu, chini ya 12.0 chaji betri nje kabla ya kuendelea. Kupima mfumo wa chaji kwa betri iliyolala (iliyoisha chaji) ni kujidanganya: alteneta itatoa yote iliyo nayo na utasoma namba za ajabu.

Cha pili, wakati wa kupiga stata. Volti zikishuka chini ya 9.6 betri imechoka au vibano vimelegea.

Cha tatu, injini ikiwaka. Soma kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) bila mzigo, kisha washa taa kubwa, feni ya kiyoyozi ya juu na hita ya kioo cha nyuma, na ukanyage mafuta hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Chini ya mzigo huo volti zinatakiwa kupanda au kubaki juu ya 13.5. Kama zilikuwa 12.7 na sasa ni 14.2, kompyuta imeona mzigo na alteneta imetii. Gari liko sawa, na hiki ndicho kipimo kinachookoa pesa nyingi kuliko vyote vilivyomo humu.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Ile desturi ya kuvua kichwa cha betri injini ikiwaka ili "kuona kama alteneta inachaji" iachwe kabisa. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiitoa, volti zinaweza kuruka zaidi ya 40 kwa sehemu ya sekunde. Gari la 1985 lilivumilia. Gari lenye kompyuta kumi linaweza kuzimika papo hapo, au likaonekana zima halafu airbag na ABS vikaanza kulalamika wiki ijayo.

## Dalili ya 1: Volti zinashuka hadi 12.4–12.9 ukiendesha, kisha zinarudi 14. Hakuna taa ya betri, gari linawaka vizuri asubuhi

Sababu ya kawaida zaidi: ndivyo lilivyotengenezwa. Kwenye Honda hali ya chini huja injini ikishapata moto, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na mzigo ukiwa mdogo. Washa taa kubwa. Volti zikipanda ndani ya sekunde chache, funga boneti.

Ya pili: joto. Betri ya moto inahitaji volti chache. Gari lililokwama kwenye foleni mchana, Dar es Salaam au Mombasa, likisoma 13.4 hadi 13.6 halina kosa lolote. Asubuhi Njombe au Limuru gari hilohilo linaweza kusoma 14.6.

Ya tatu: mizigo inayokuja na kuondoka. Feni ya rejeta ikiwaka, volti zinadondoka kidogo na kurudi. Steringi ya umeme ya Vitz au Fit ikizungushwa hadi mwisho gari limesimama inavuta ampea nyingi, na taa kufifia kwa nusu sekunde si ugonjwa.

Kama betri ni nzima lakini kila wiki gari linahitaji kusukumwa, soma dalili ya 3.

## Dalili ya 2: Taa zinapepesa, volti zinaruka haraka, hasa kwenye sailensa

Hapa kompyuta haihusiki mara nyingi. Fuata mpangilio huu.

Vibano na athi (nyaya hasi zinazounganisha betri, bodi na injini). Hii ndiyo sababu nambari moja, na ndiyo inayorukwa kwa sababu haina faida kwa muuza vipuri. Shika kila kibano cha betri kwa mkono ukizungushe. Kikisogea, kimelegea, hata kama kimeonekana kimekazwa. Chumvi ya kijani au nyeupe imwagie maji ya moto yenye magadi soda, futa, kausha, piga msasa mwepesi ndani ya kibano na kwenye nundu. Kisha pima upotevu wa volti, injini ikiwa mizunguko 2,000 na mizigo ikiwa imewashwa:

- Pini nyekundu ya mita kwenye boliti nene ya B, inakotokea chaji, nyuma ya alteneta, nyeusi kwenye nundu chanya ya betri. Isizidi volti 0.3.
- Pini moja kwenye chuma tupu cha gamba la alteneta, nyingine kwenye nundu hasi. Isizidi 0.2, na 0.1 ndiyo nzuri.

Upande chanya ukizidi, angalia nati ya B. Ikilegea inaungua, utaona plastiki nyeusi iliyoyeyuka na shaba iliyobadilika rangi ya zambarau. Angalia pia fyuzi kubwa ya boliti kwenye boksi la fyuzi, maana huwa inalegea au kupata ufa usioonekana. Kabla ya kugusa nati ya B vua kwanza kichwa hasi cha betri, injini ikiwa imezimwa: waya huo una umeme wa betri muda wote, na spana ikigusa bodi utaona moto.

Upande hasi ukizidi, tafuta waya wa athi kati ya injini na bodi. Baada ya kushusha injini au gia, waya huu husahaulika au hufungwa juu ya rangi. Funga mpya wa milimita za mraba 16 au zaidi, kwarua rangi hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake.

Mkanda na kikaza mkanda. Mkanda wa mifereji haulegei tu. Unalika ndani ya mifereji ukabaki unaonekana mzima kwa nje. Ukilia, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji injini ikiwa sailensa: kelele ikiondoka kisha ikarudi, puli hazijakaa mstari mmoja, ikizidi, mkanda hauna mkazo. Ukiuona mkono wa kikaza unatetemeka sana kwenye sailensa, soma kuhusu puli hapa chini. Mikono, shuka na tai mbali na mkanda unaozunguka.

Brashi. Alteneta ikishapita kilomita 150,000 hivi, brashi, yaani kaboni zinazopeleka umeme kwenye roto, zinakuwa fupi na kuigusa kwa kurukaruka. Dalili yake ni ya pekee: volti zinakatika na kurudi bila mpango, taa ya betri inawaka kidogo na kuzimika, na ukigonga gamba la alteneta kwa mpini wa bisibisi chaji inarudi kwa muda. Kwenye alteneta nyingi za Toyota za zamani brashi mpya inachomoza milimita 10.5, na kikomo ni 1.5. Angalia na pete za shaba za roto; zikiwa na mfereji unaokwama kucha, brashi mpya hazitadumu. Ukinzani kati ya pete mbili uwe karibu omu 2 hadi 4, na kati ya pete na chuma cha roto usiwepo kabisa. Brashi ni za bei ndogo, na duka zuri la vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, litakupa za alteneta yako ukienda na za zamani mkononi.

Daiodi. Weka mita kwenye volti za AC, ile alama ya wimbi, na ugusie nundu za betri injini ikiwa mizunguko 1,500 na taa zikiwa zimewashwa. Mfumo mzima husoma chini ya 0.1. Ikifika 0.5 daiodi imekufa. Dalili nyingine zinazofuatana nayo: mlio mwembamba kwenye redio unaopanda na mizunguko ya injini, alteneta inayochemka, na betri inayolala usiku kwa sababu daiodi iliyopitiliza inarudisha umeme nyuma. Mita nyingine za bei nafuu huonyesha volti kama 26 ukizitumia kwenye AC juu ya betri, ambayo ni DC. Ukiona hivyo mita hiyo haifai kwa kipimo hiki, badili mita.

Puli yenye kliachi. Hilux za dizeli na magari mengi ya kisasa yana puli inayoteleza upande mmoja. Ikikwama, mkanda unatetemeka na volti zinapiga kwa mdundo wa injini. Ikiteleza pande zote, alteneta inazunguka polepole. Zima injini, vua mkanda, shika roto kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma, zungusha puli: upande mmoja lazima ishike, upande wa pili iende bure kwa ulaini. Kuifungua kunahitaji soketi maalumu yenye meno. Usitumie koleo la bomba, utaharibu shafti.

Kama yote haya ni mazima na bado taa zinapepesa, regyuleta ndiyo inayofuata kushukiwa.

## Dalili ya 3: Volti zimekwama 12.3–12.9, mzigo ukiwashwa hazipandi, betri inalala baada ya siku chache

Hapa mara nyingi alteneta inaweza, ila haijaambiwa. Ndiyo dalili inayowashinda wengi, na ndiyo inayouza alteneta nyingi zisizohitajika.

Sababu ya kwanza: vifaa vilivyofungwa athi yake kwenye nundu hasi ya betri. Tazama kichwa hasi. Kama kuna kidude cha plastiki chenye soketi ya nyaya tatu au nne, hiyo ni sensa ya mkondo, na umeme wote unaotoka na kuingia kwenye betri unatakiwa upite ndani yake. Fundi wa redio, wa taa za spoti au wa GPS akifunga waya wake mweusi moja kwa moja kwenye nundu ya betri, mkondo huo unapita pembeni ya sensa. Kompyuta inaamini hakuna kinachotumika na inaamuru volti za chini. Spika ya besi yenye amplifaya ya wati 500 inaweza kula betri nzima huku kompyuta ikiona sifuri. Dawa ni ya dakika tano: hamisha nyaya zote za athi za ziada kwenye bodi, upande wa pili wa sensa.

Ya pili: sensa yenyewe. Chomeka mashine ya kusomea gari, fungua ukurasa wa data hai, tafuta mkondo wa betri. Injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa imewashwa, soma namba. Washa taa kubwa. Balbu mbili za wati 55 pamoja na taa ndogo zinakula karibu ampea 10, kwa hiyo namba inatakiwa iongezeke upande wa kutoa kwa kiasi hicho. Isipobadilika, sensa imekufa, soketi yake imechomoka, au kuna njia ya pembeni kama ilivyoelezwa juu. Ikionyesha kinyume, kwamba betri inachaji wakati injini imezimwa, kuna mtu aliyeigeuza sensa wakati wa kubadili vibano. Nissan huandika misimbo (namba za hitilafu) ya P1550 na inayoifuata kwa sensa hii. Honda hutumia P1297 na P1298 kwa ELD.

Ya tatu: waya wa amri. Kwenye Honda nyingi kompyuta ikiuunganisha waya wa C na athi, alteneta inashuka kwenye hali ya chini. Ukiachwa wazi inabaki hali ya juu. Maana yake waya wa C uliochubuka na kugusa chuma cha injini utaifungia alteneta kwenye 12.4 maisha yake yote. Zima injini, chomoa soketi ya alteneta na ya kompyuta, pima kama C inaonana na athi. Isionane. Kwenye Mazda, pima waya wa D na P kuelekea kompyuta, zote mbili.

Usitumie balbu ya kupimia kwenye nyaya hizi. Balbu inavuta mkondo ambao kompyuta haikujengwa kuubeba, na kompyuta ya injini ikiungua bei yake inazidi alteneta mara kadhaa. Mita tu. Na usiunganishe waya wa D wala wa F (waya wa roto) na betri "kuijaribisha".

Ya nne: alteneta si yake. Boliti zinaingia, puli inafanana, soketi inaingia, lakini regyuleta ya ndani inaongea lugha nyingine. Linganisha namba iliyochapwa kwenye gamba, si umbo. Ukiwa dukani hesabu pini na usome herufi zilizo karibu nazo.

Ya mwisho: alteneta kweli imechoka. Bana waya wa B kwa mita ya kubana, mizigo yote ikiwa imewashwa, mizunguko 2,000. Kama kompyuta inaamuru volti 14.4 na alteneta iliyoandikwa ampea 80 inatoa 25 huku volti zikidondoka, sasa una ruhusa ya kununua.

## Dalili ya 4: Volti zinapita 15

Tofautisha muda. Nissan na baadhi ya magari ya Ulaya hugusa 15 kwa sekunde chache unapoachia mafuta, au dakika za mwanzo asubuhi ya baridi. Hiyo ipite. Ikikaa juu ya 15 ukiwa unaendesha kawaida, endelea kusoma. Ikipita 15.5 na kubaki huko, zima redio na kila kisichohitajika, simama mahali salama, zima injini. Balbu zitaungua, betri itachemka.

Sababu, kwa mpangilio:

1. Regyuleta iliyokufa ikiwa imefunguka. Chaji inafuata resi: kadiri unavyokanyaga, ndivyo volti zinavyopanda.
2. Waya wa S au fyuzi ya ALT-S kwenye Toyota. Waya huu ndio macho ya regyuleta. Ukiwa na kutu, regyuleta inaona volti chache kuliko zilizopo na inaongeza. Ukikatika kabisa, Toyota kwa kawaida huwasha taa ya betri. Fyuzi ni ya dakika moja kuitazama, anza nayo hata kama iko ya pili kwenye orodha.
3. Sensa ya joto la betri iliyokatika. Mashine ikikuonyesha betri ina nyuzi −40 Dodoma mchana, kompyuta inapandisha volti kwa baridi isiyokuwepo.
4. Betri yenye chumba kimoja kilichokufa, inayokula chaji bila kushiba. Hii kwa kawaida huleta volti za chini na joto, lakini huchanganya usomaji wote.

Betri iliyovimba, iliyo moto kushikika, au inayonuka yai bovu: usiipige busta, usiichaji, usivute sigara karibu. Fungua boneti, acha hewa ipite, iache ipoe, kisha mwite mwenye glavu na miwani. Tindikali ikiruka machoni, maji mengi kwa dakika 15 bila kusimama, halafu hospitali.

## Dalili ya 5: Tatizo limeanza mara baada ya kuosha injini, kubadili betri au kuchomelea

Kuosha injini kwa presha hujaza maji soketi ya alteneta na brashi. Chomoa, puliza kwa hewa kavu, nyunyizia spreya ya kusafishia umeme, acha jua lifanye kazi saa mbili. Nyingi hupona.

Betri mpya: gari linalozima injini lenyewe likisimama kwenye taa za barabarani linahitaji betri ya aina yake, kama Q-85 au M-42 iliyoandikwa kwenye ya zamani. NS60 ya kawaida itaingia kwenye trei lakini haitadumu, na kompyuta itaendelea kuichaji kama ile iliyoondoka. BMW lazima betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta. Ford na Mazda zenye usimamizi wa betri nazo zinahitaji hesabu ianzishwe upya. Kwenye Toyota nyingi zisizo na mfumo huo, nusu saa ya kuendesha inatosha.

Kuchomelea bodi bila kuvua betri kunaua daiodi na regyuleta. Pima volti za AC kama ilivyoelezwa kwenye dalili ya 2 kabla ya kugusa kingine. Na kabla ya kazi ijayo ya kuchomelea vua vichwa vyote viwili, hasi kwanza.

## Misimbo na maana yake ya kwanza

P0562 ni volti za chini, P0563 za juu. Zote mbili zinakueleza matokeo, hazikutajii kifaa. P0620 na P0622 zinaelekeza kwenye mzunguko wa amri kati ya kompyuta na alteneta: tazama waya na soketi kabla ya alteneta. P0621 ni waya wa taa ya betri, na kwenye magari mengine taa hiyo ikikatika alteneta haianzi kuchaji. Ukiona msimbo wa chaji pamoja na rundo la misimbo ya ABS, steringi na airbag kwa wakati mmoja, usikimbilie vyote. Futa, tengeneza chaji, kisha soma tena. Volti za chini huzaa misimbo ya uongo kila mahali.

## Mahali pa kuacha na kumwita fundi umeme

Mazda yenye i-ELOOP, na gari lolote lenye nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti kama Aqua, Prius au Fit haibridi, si la kujifunzia. Haibridi nyingi hazina hata alteneta. Betri ndogo inachajiwa na kigeuzi kutoka kwenye betri kubwa ya volti zaidi ya 100, na huo ni umeme wa kuua.

Acha pia waya wa B ukionyesha dalili za kuungua ndani ya boksi la fyuzi, vipimo vikionyesha kompyuta haitoi amri ingawa nyaya zote ni nzima, au alteneta yako ikiwa inaongozwa kwa waya mmoja wa data kama BMW, Volkswagen na Toyota mpya. Huko mita ya kawaida haioni kitu. Inahitajika oskiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme) au mashine ya kiwanda.

Ukifika kwa fundi, mpe namba hizi kwenye karatasi: betri ikiwa imepumzika, ikipiga stata, sailensa bila mzigo, mizunguko 2,000 na mzigo, volti za AC, upotevu wa upande chanya na hasi. Akivua kichwa cha betri injini ikiwaka, chukua karatasi yako uondoke.